Yowe la Sauti ya Kwanza

Jumatatu, 13 Januari
Shule imefunguliwa. Mvua ya wastani asubuhi. Madamu Sikudhani, mwalimu wetu wa Kiswahili, ameagiza kila mmoja aandike shajara muhula mzima. Hatayasoma tuliyoandika, atatazama tu kama tunaandika. Alisema, "Andika ulichokiona na ulichokisikia. Unachokidhani kiache kwanza." Alisema pia kwamba shajara nzuri haimpotezi mgeni akiifungua.

Basi kwa mgeni: naitwa Yudith, nipo kidato cha tatu. Naishi kwa mama mdogo Hilda na mtoto wake Nyemo, ambaye hajaanza shule. Mama yangu mzazi anafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Hombolo.

Jumatano, 15 Januari
Mvua. Tumemaliza kupanda alizeti.

Ijumaa, 17 Januari
Kwaya imekutana kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mwalimu Lameck, anayetufundisha Kemia na kusimamia kwaya, alifuta ubao akaandika jina moja: Abdulrahim. Hata Denis wa besi, ambaye huwa hanyamazi, alinyamaza.

Abdulrahim alikuwa mwanafunzi wa chuo cha mifugo, mzaliwa wa milima ya Kondoa. Mwaka jana mwezi wa nne, mara tu baada ya Idi, alikuja kijijini kwetu kuchukua damu ya mbuzi ikapimwe ugonjwa. Siku hizo ilikuwa imeenea habari ya wanyonya damu, watu wageni wanaopita vijijini na sindano. Lilipigwa yowe. Watu wakaja, wakamuua kwa fimbo na mawe karibu na lambo, bwawa letu la maji ya mvua. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Watu watatu wako mahabusu Dodoma na kesi haijaisha. Mmoja wao ni Yotham, kaka yake Denis.

Mwalimu alisema tarehe 12 Aprili chuo kitafungua birika la kunyweshea mifugo pale lamboni, nalo litaitwa kwa jina la marehemu. Mama yake atakuja. Tumeombwa wimbo.

"Lakini Mwalimu, wewe hukuwepo," Denis alisema. Mwalimu Lameck alihamia kwetu mwezi wa saba.

"Ndiyo maana nitawauliza ninyi."

Aliyepiga yowe siku ile ni mama mdogo Hilda. Darasa zima linajua. Mwalimu peke yake ndiye hajui.

Jumatano, 22 Januari
Tumepewa beti za mwanzo. Nyimbo za maombolezo za kwaya zina njia yake: kwanza mwezi, kisha siku, kisha jina na alikotoka, ndipo msiba. Mwalimu ameifuata njia hiyo.

Ilikuwa mwezi wa nne, siku ya Ijumaa,
kijana wa watu Abdulrahim alitoka chuoni.
Mkononi kasanduku, moyoni kazi,
mbuzi wa Wagogo wapone.

Aliandika noti ubaoni, tukazisoma kwa do re mi mpaka zikakaa. Kisha akatuonyesha ubeti wa mwisho: Bwana Yesu ampokee, tutaonana naye ng'ambo. Adamu wa teno akanyoosha mkono. Baba yake Adamu ana duka hapa, nao kwao ni Kondoa.

"Samahani, Mwalimu. Marehemu ni Abdulrahim."

"Jina lake nalijua, Adamu."

"Sasa mama yake akifika hapo kwenye Bwana Yesu, si atauliza tunamlilia mtoto wa nani?"

Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mwalimu Lameck alicheka kuliko sisi. Alisema mkono wake umezoea kumaliza hivyo, ukajiandikia wenyewe. Akafuta.

Jumamosi, 25 Januari
Palizi.

Jumatatu, 3 Februari
Mvua imekata tangu Alhamisi. Jua kali.

Leo Mwalimu ameleta sehemu ya tatu. Haina maneno. Ni yowe. Linaanza na msichana mmoja wa sauti ya kwanza, linapokewa na sauti ya pili, kisha teno, kisha besi, kama linavyopita kutoka kitongoji hadi kitongoji. Amelipanga vizuri. Hata kwenye ubao linaonekana likipanda.

Nieleze kwa mgeni. Huku kwetu yowe halipigwi kwa mchezo. Likisikika, kila mwenye miguu huchukua kilicho karibu, jembe au fimbo au mwichi wa kutwangia, na kukimbilia linakotoka, na anayelisikia analipiga tena ili wa mbali wasikie. Asiyekwenda hutozwa mbuzi. Watoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Mwalimu Lameck ni mtu wa mjini. Anajua yowe ni nini, lakini nadhani analijua kama anavyojua ramani.

Alitusikiliza mmoja mmoja kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Yudith ataanza."

Angelina, jirani yangu kwenye benchi, alitazama sakafu.

"Hapo umepatia, Mwalimu," Denis alisema. "Hiyo ni mali ya kwao."

"Mali gani?"

Denis akafunua noti zake. Mwalimu akaendelea na besi.

Nje, Denis alinisubiri kwenye bomba. "Kaka yangu anakula ugali wa serikali. Mama yako mdogo anauza karanga mnadani. Mwambie Mwalimu aandike na hilo, aligawe sauti nne."

Aliniachia daftari lake la noti juu ya ndoo, akaenda. Hakurudi kipindi cha jioni.

Jumanne, 4 Februari
Nimemwambia Mwalimu. Alikuwa anaosha mirija ya maabara. Aliiweka chini, akakaa juu ya dawati.

"Nimpe mwingine?"

Nilimwambia sijui. Nilikaa na jambo hili siku nzima, na ninaliandika kama nilivyoliona. Nikipiga yowe hilo, namwimba mama mdogo mbele ya mama wa marehemu na kijiji kizima. Nisipolipiga, wimbo utasema Abdulrahim alifika, kisha akafa, na katikati hakuna mtu.

Mwalimu alisema nisiamue leo.

Jumamosi, 8 Februari
Jua. Mtama umeanza kusokota majani.

Ijumaa, 14 Februari
Jua. Majirani wawili wamegombana kwa ajili ya ndoo kisimani. Hakuna aliyewaamua.

Jumatano, 19 Februari
Mama mdogo alikuwa akisonga ugali, mimi nikichambua mlenda. Hakugeuka.

"Nasikia mnaniimba."

"Hatujakutaja, mama mdogo."

"Kwani yowe lina jina?" Akageuza mwiko. "Angelina kamwambia mama yake, mama yake kaniambia mimi. Midomo yenu haina milango, nyie watoto."

Nilimwuliza kama anataka nikatae.

"Mwalimu wako kakupa kazi, fanya kazi. Lakini usije hapa kujifunzia. Nyemo anashtuka."

Nyemo hakuwa anashtuka. Alikuwa anachora gari kwenye vumbi. Mama mdogo ni mtu wa maneno machache na mimi nimezoea kufikiri ni ukali. Zamani aliongoza vigelegele kwenye kila harusi ya kitongoji hiki. Tangu mwaka jana hajapiga hata kimoja. Niliwahi kudhani amechoka tu.

Jumatano, 26 Februari
Naandika jioni, kabla jua halijazama.

Darasani joto lilikuwa kali, Mwalimu akatutoa nyuma ya shule, kwenye kivuli cha stoo. Ilikuwa saa tisa na nusu. Alisema leo tuimbe sehemu ya tatu kwa sauti kamili, kwa kuwa mpaka leo tumeinong'ona tu na hajui ina uzito gani. Adamu alimwuliza, "Sauti kamili, Mwalimu? Hapa nje?" Mwalimu alisema, "Kwani tarehe kumi na mbili mtaimbia ndani?" Hoja yake ilikuwa na maana. Mimi pia ningeweza kusema neno, sikusema. Nilitaka kujua kama nitaweza.

Akanionyesha kwa fimbo yake ya kuongozea. Nikapiga.

Sikujua kama nina sauti ile. Ilitoka, ikagonga ukuta wa stoo, ikaenda. Sauti ya pili wakaipokea, teno wakaipokea, besi wakaishusha. Mwalimu alifumba macho. Alipokunja ngumi tulinyamaza wote kwa pamoja, vizuri sana, kama alivyotufundisha.

Kisha likaja yowe lingine kutoka upande wa mlimani.

"Mwalimu," Adamu alisema, "hilo si letu."

Likaja lingine, upande wa lambo. Mwalimu aliuliza, "Nini hicho?" Hakuna aliyejibu kwa sababu tulishaanza kuona vumbi.

Walikuja kutoka pande zote. Mbele vijana, nyuma wanaume wazima, wanawake na majembe, wengine nawafahamu tangu nazaliwa. Sikuzifahamu nyuso zao. Hazikuwa na hasira. Zilikuwa kama nyuso za watu wanaobeba kitu kizito na wanatafuta mahali pa kukitua. Waliona wasichana wamejibana ukutani, wengine wanalia, na mwanamume asiye wa huku amesimama katikati na fimbo mkononi.

Wa kwanza kumfikia Mwalimu alimpiga begani. Mwalimu akasema, "Jamani, ni kwaya," kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakuna aliyeisikia. Angelina alipiga kelele, "Ni wimbo! Ni wimbo!" na kelele zake zikawafanya wa nyuma waongeze mbio. Mwalimu alipigwa ya pili, akapiga goti moja.

Ndipo nikamwona mama mdogo. Alikuja kutoka shambani na jembe, kanga imemwanguka. Aliniona mimi kwanza, akanitazama mwili mzima. Kisha akalitupa jembe, akapita katikati ya wale wanaume akiwasukuma kwa mabega, akasimama juu ya Mwalimu.

"Mnampiga, mmemwuliza nani?"

"Toka, Hilda!"

"Sitoki. Aliyepiga yowe yuko wapi? Mwulizeni yeye! Mtu akipiga yowe, si huulizwa? Mwulizeni!"

Watu wakageuka kutafuta.

"Ni mimi," nilisema. "Ni wimbo. Ni wimbo wa Abdulrahim."

Jina lile lilifanya jambo ambalo siwezi kulieleza. Fimbo zilishuka, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzee Bartolomayo, ambaye shamba lake liko mbali, alifika wakati huo, amechelewa, amechubuka goti kwa kuanguka njiani, akihema na kuuliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?"

Mwalimu alipelekwa zahanati kwa bodaboda. Mfupa wa bega haukuvunjika.

Alhamisi, 27 Februari
Kamati ya kijiji imekaa. Mtendaji wa kijiji ameamua mawili. Yowe lisipigwe tena na kwaya, si shuleni, si lamboni. Na kwa kuwa tuliwakimbiza watu bure, kwaya nzima ikapalilie shamba la Mzee Bartolomayo, aliyekimbia kutoka mbali kuliko wote.

Mwalimu Lameck alikuwepo, mkono umefungwa shingoni. Aliomba radhi. Wale waliompiga hawakuulizwa lolote. Mama mdogo anasema huo ndio utaratibu: anayekuja kwenye yowe hana kosa.

Jumamosi, 1 Machi
Tumepalilia. Mwalimu naye alikuja, akapalilia kwa mkono mmoja, Mzee Bartolomayo akamcheka.

"Ticha, unakata mtama, unaacha majani."

"Shikamoo, mzee. Nitajifunza."

"Marahaba. Umeshajifunza moja wiki hii, la pili lisubiri."

Tulipokaa kunywa maji, mzee alinivuta kando. "Wewe ndiye mwenye koo lile?" Nikasema ndiyo. Alisugua goti lake. "Nililisikia nikiwa huku. Mwaka jana pia nililisikia nikiwa huku huku. Nilikimbia vile vile. Nilipofika yule kijana alikuwa ameshakufa, nikarudi na fimbo yangu safi." Akaweka kikombe chini. "Watu wananiita mwema. Miguu yangu ndiyo myema. Ingekuwa mizima ningekuwa Dodoma na akina Yotham."

Jumapili, 2 Machi
Baada ya ibada mama mdogo alinikalisha jikoni. Alisema atalisema mara moja tu.

Siku ile alitoka shambani akakuta zizi liko wazi. Ndani kijana asiyemjua amembana mbuzi kwa magoti, sindano shingoni, damu inapanda kwenye kichupa. Nyemo ndiye aliyekuwa ameshika mguu wa mbuzi, na mkono wa Nyemo ulikuwa na damu. Aliona mtoto, sindano na damu, kwa mpangilio huo.

"Alinyanyuka haraka. Akasema, 'Shikamoo, mama. Samahani, nimemkuta mtoto tu.' Alinipa shikamoo, Yudi. Sikuitika. Nilipiga yowe."

Alimchukua Nyemo, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Nyemo akamwambia, "Mama, kaniambia mimi daktari msaidizi." Mkono wake haukuwa na jeraha. Ilikuwa damu ya mbuzi. Alipoelewa, watu walikuwa wameshafika uani.

"Nilimsikia akijitaja jina, na chuo. Alisema barua iko ofisini kwa Mtendaji. Mtendaji siku hiyo alikwenda Kongwa. Nilikuwa nimeshika komeo. Nilingoja waje kuniuliza. Nilisema, wakija tu, nitawaambia. Hakuna aliyekuja. Wakamburuta kuelekea lamboni, na mimi sikutoka."

Nilimwuliza kwa nini hakuita kutoka dirishani.

"Niite nini? Kuna sauti ya kuwaita watu. Ya kuwarudisha hakuna. Hatukufundishwa."

Mahakamani alitoa ushahidi mfupi. Kupiga yowe si kosa.

Jumanne, 11 Machi
Mvua! Imeanza saa nane, imenyesha mpaka magharibi. Nyemo alivua nguo zote.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua. Mwalimu amerudi kwenye kwaya. Mahali pa yowe ameweka kimya. Tunaimba mpaka pale Abdulrahim alipoingia zizini, kisha tunanyamaza, Mwalimu anapiga mapigo hewani kwa mkono mzima, kisha besi wanaanza jina la marehemu. Denis hajarudi, kwa hiyo besi ni nyembamba.

Nilifurahi kwamba sitapiga. Kisha tulipofika kwenye kimya, Angelina alikohoa, na mtu mmoja akacheka. Mwalimu alisema tutazoea. Nadhani kimya hicho hakisemi kitu. Lakini nimeambiwa ninayodhani niyaache kwanza.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Adamu ametuletea tende na kipande cha keki kwenye mfuniko wa ndoo. Likizo fupi.

Jumapili, 6 Aprili
Mtama umetoa masuke, na ndege wamejua. Mimi na Nyemo tunashinda shambani tukiwafukuza kwa kombeo na makopo.

Ijumaa, 11 Aprili
Mama wa Abdulrahim alifika jana jioni na mjomba mmoja. Anaitwa Mwanne. Wamefikia nyumbani kwa kina Adamu. Leo alikuja shuleni kusikiliza mazoezi, akakaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, baibui yake ina tope la safari. Ni mwanamke mfupi, mkulima, mikono kama ya mama mdogo.

Tuliimba. Tulipofika kwenye kimya aliinua kichwa. Tulipomaliza alisema asanteni wanangu, mmeimba vizuri, Mungu awalipe. Kisha akasema, "Pale mliponyamaza, mmesahau?"

Mwalimu alimweleza. Alieleza yote, mpaka bega lake. Mtendaji alikuwa amesimama mlangoni.

Mama Mwanne alisema, "Watu wote wananihadithia mwanangu alivyokufa. Polisi, chuo, gazeti, mahakama. Kila mmoja anasema lilipigwa yowe. Mimi kwetu hatuna yowe hilo. Nataka nisikie alichosikia."

"Mama yangu," Mtendaji alisema, "utatuwia radhi. Hapa likipigwa, watu watakuja."

"Na waje," alisema Mama Mwanne. "Si hata siku ile walikuja?"

Mtendaji hatimaye akasema atatuma bodaboda vitongojini, watangaze kwamba yowe la kesho ni la wimbo. Vya mbali asingeweza kuvifikia vyote, barabara zimekatika kwa mvua.

Mwalimu aliniuliza kwa macho. Nikasema ndiyo.

Nyumbani nilimwambia mama mdogo ili asiambiwe na mama yake Angelina. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama sare yangu imekauka.

Jumamosi, 12 Aprili
Mawingu bila mvua. Watu walikuwa wengi lamboni kuliko nilivyotarajia. Birika ni la saruji, refu, jina limechongwa ubavuni. Mkuu wa chuo alizungumza. Mtendaji alizungumza. Mama Mwanne alikaa mbele, na mjomba pembeni yake. Mama mdogo alikuwa nyuma upande wa wanawake, amesimama, Nyemo mgongoni ingawa amekua mno kwa kubebwa.

Tuliimba mwezi, tukaimba siku, tukaimba jina na kasanduku. Tulifika zizini. Mwalimu akaniinulia mkono. Nikavuta pumzi.

"Yudi, acha."

Alikuwa ameshamshusha Nyemo. Alipita katikati ya watu, wakampisha. Alisimama kati ya kwaya na Mama Mwanne, akamgeukia mama yule. "Hilo ni langu," alisema. Sijui kama alisema na mimi au na yeye.

Akapiga.

Mimi niliwahi kulipiga lile yowe na nikadhani nimelipiga. Sikuwa nimelipiga. Sauti ya pili walisahau kupokea. Watu wote waliokaa walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame, na wote walikuwa wameshatangaziwa. Walisimama wazee, wakasimama walimu, akasimama Mtendaji mwenyewe, na mikono yao ikaanza kutafuta kitu cha kushika. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Mahali penyewe ni pale walipokuwa. Mama Mwanne aligeuka akawatazama, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wakaanza kukaa, mmoja mmoja. Wengine walichelewa sana kukaa.

Ndipo Mwalimu aliposhusha mkono, na besi wakaanza jina.

Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama Mwanne alimwita mama mdogo kwa kidole.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, mama. Alinipa shikamoo. Sikumwitikia."

"Alikuwa akimpa kila mtu," Mama Mwanne alisema. "Hata wadogo zake aliwapa, kwa utani." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Sijakusamehe. Nisikudanganye, sijui kama nitaweza. Lakini usikae kule nyuma." Mjomba akanyanyuka, akampisha kiti.

Pilau lilikuwa linapakuliwa wakati Angelina aliponigusa. Kwenye mteremko ng'ambo ya lambo kulikuwa na watu wanakimbia. Ni wa vitongoji vya mbali, ambavyo bodaboda haikufika. Walikuwa na fimbo na mapanga ya shambani. Wakatuona tumekusanyika, wageni katikati yetu, gari la chuo, na wakaongeza mbio.

Mtendaji alianza kupunga mikono. Mwalimu Lameck alirudi nyuma hatua moja, mkono begani. Mama mdogo alikuwa ameshaondoka kwenye kiti. Alikwenda kukutana nao njiani, peke yake, akasimama.

Kijana wa mbele alisimama pia. Alikuwa anahema. Alisema, na sote tulimsikia, "Nani amepiga?"

"Mimi," mama mdogo alisema. "Hakuna adui. Kuna mgeni, ni mama wa yule kijana wetu. Wekeni fimbo chini, mje mkae."

Walitazamana. Waliziweka kwenye majani, wakaja, wakakaa chini. Mama Mwanne akamwambia Mwalimu, "Hawa hawakusikia. Waimbieni." Tukaimba tangu mwanzo. Safari hii mahali pa yowe tulinyamaza, na hakuna aliyekohoa.

Kundi la pili lilifika pilau limebaki ukoko. Denis alikuwa nao, anatoka kwa shangazi yake ng'ambo ya mto. Hakuja upande wa besi. Alikaa na wale wengine, fimbo chini ya miguu, akasikiliza na kichwa ameinamisha, na Mama Mwanne alipoambiwa huyo ni mdogo wake nani, alimpelekea sahani kwa mkono wake. Sikuona kama alikula.

Wengine walikuja mmoja mmoja mpaka jua lilipoinama. Kila walipotokea, mama mdogo aliinuka akaenda njiani. Kila mara waliuliza, na kila mara alijibu. Sauti yake ilikuwa imekauka, mwishoni alikuwa akijibu kwa kunong'ona, na ilibidi wamsogelee ili wasikie. Kisha aliwaleta mpaka kwenye birika, akawaonyesha pa kukaa, Mwalimu akatupa noti, nasi tukaanza tena: ilikuwa mwezi wa nne, siku ya Ijumaa.